Betri ya Sola Ikichoka: Ipime Kabla ya Kununua Nyingine

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet ambako stima haijafika, au imefika lakini hupotea mvua ya radi inapoanza, taa, redio, televisheni na chaji ya simu hutegemea betri moja iliyowekwa kwenye kona ya sebule. Paneli iliyo juu ya paa inaweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Betri ndiyo huchoka kwanza, na ndiyo hurudisha familia dukani mara kwa mara.

Bonasi ya chai inapolipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, betri mpya huwa kwenye orodha ya manunuzi. Kabla pesa hizo hazijatoka mfukoni, inafaa mwenye nyumba ajue kama betri aliyo nayo imekufa kweli, au imekaa na njaa kwa muda mrefu tu. Betri yenye njaa inaweza kuokolewa. Tena, betri mpya ikifungwa kwenye mtambo uleule wenye kasoro ileile, nayo itakufa kama ile ya kwanza.

Makala haya yanahusu betri za asidi za volti 12, zile nzito zenye sahani za risasi ndani. Betri ndogo za lithiamu zinazokuja na taa za kulipia kidogo kidogo, na zile za bodaboda za umeme, hazifunguliwi wala kuongezwa maji. Zikiharibika, zirudishwe kwa aliyeziuza.

Kinachoua betri katika nchi ya chai

Betri ya asidi huwa na vyumba sita vinavyoitwa seli. Kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Umeme unapotumika, sahani za ndani hufunikwa na chembe laini za salfati. Betri inapochajiwa hadi kujaa, chembe hizo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa siku nyingi bila kujaa, chembe hugeuka kuwa ukoko mgumu usiotoka tena, na sehemu ya sahani iliyofunikwa na ukoko huo haihifadhi umeme. Hapo ndipo mtu hulalamika kwamba betri "inajaa haraka na kuisha haraka".

Katika maeneo ya joto kali, betri nyingi huharibiwa na joto. Nyanda za juu za Kericho na Konoin zina baridi, jambo ambalo kwa lenyewe husaidia betri kuishi muda mrefu. Tatizo la huku ni jua. Asubuhi huwa na mwangaza, mchana mawingu hukusanyika, na alasiri mvua hunyesha. Hali hiyo inayofaa majani chai ni mbaya kwa betri, kwa sababu inaweza kukaa wiki nyingi bila kujaa hata mara moja.

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hili. Chukua nyumba yenye paneli ya wati 100 na betri ya ampea-saa 100. Siku yenye jua zuri, paneli hiyo inaweza kuingiza kwenye betri kama wati-saa 300, ukishaondoa kinachopotea njiani. Nyumba ina taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano, ambazo ni wati-saa 100. Televisheni ya wati 30 kwa saa nne hula 120. Simu na redio hula 20. Jumla ni 240, kwa hiyo kila siku ya jua hubaki akiba ya 60.

Siku ya ukungu na mawingu mazito, paneli ileile inaweza kutoa robo tu ya hicho, yaani 75. Matumizi yakibaki 240, betri hudaiwa 165 kila siku. Betri hii ikijaa ina wati-saa 1,200, na haifai kushushwa chini ya nusu, yaani 600. Kwa hiyo kufikia siku ya nne ya ukungu, nusu hiyo imekwisha. Jua likirudi, akiba ya 60 kwa siku itahitaji siku 10 mfululizo za mwangaza kulipa deni hilo. Ni nadra kupata siku 10 kama hizo zikifuatana wakati wa mvua.

Nyumba hiyo ikipunguza televisheni hadi saa moja tu, matumizi hushuka hadi 150. Deni la siku ya ukungu huwa 75, na akiba ya siku ya jua huwa 150. Betri sasa itastahimili siku nane za ukungu, kisha italipa deni lote kwa siku nne. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa.

Anza na paneli na nyaya

Kabla ya kulaumu betri, angalia njia ambayo umeme hupita kuifikia. Makosa mengi huonekana kwa macho.

Paneli iwe safi. Vumbi la barabara ya murram, moshi wa jikoni na kinyesi cha ndege hupunguza umeme. Ioshe kwa maji na kitambaa laini mapema asubuhi, kabla haijapata moto.

Angalia kivuli. Mkaratusi uliokuwa mfupi wakati paneli inafungwa huenda sasa umeipita nyumba. Kivuli kinachofunika kona moja tu kinaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima. Mahali ambapo mawingu huja kila mchana, paneli iliyoelekezwa mashariki kidogo hunufaika zaidi na jua la asubuhi.

Kagua vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa. Unga mweupe au wa kijani hapo huzuia umeme kupita. Fungua nyaya, ukianza na ile ya hasi. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na soda ya kuokea, huku vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa ili mchanganyiko huo usiingie ndani. Kausha, kaza nyaya vizuri, kisha paka grisi kidogo juu.

Mwisho, hakikisha umeme unapitia kwenye kontrola ya chaji. Betri iliyounganishwa moja kwa moja na paneli huchajiwa kupita kiasi siku ya jua na kukauka maji. Taa zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kontrola, huweza kuifyonza hadi ikauke umeme kabisa, kwa kuwa hakuna kinachozikata.

Hatua nne za kupima

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ndogo ya kupima volti, na kwa betri zenye vifuniko vinavyofunguka, haidromita ya kupima uzito wa asidi. Fundi wa magari au wa sola aghalabu huwa navyo vyote viwili.

Hatua ya kwanza ni kuijaza betri. Betri isiyojaa haipimiki. Kama jua halitoshi, ipelekwe mahali penye stima ichajiwe polepole. Betri ya ampea-saa 100 ichajiwe kwa kama ampea 10, kazi inayoweza kuchukua saa 10 au zaidi. Chaji ya haraka ya saa moja au mbili hupandisha volti juujuu tu bila kufika ndani.

Hatua ya pili ni kuipumzisha. Ondoa nyaya zote, betri ilale usiku kucha bila kuchajiwa wala kutumika. Ukipima mara tu baada ya kuchaji, multimita itakudanganya.

Hatua ya tatu ni kupima volti asubuhi:

Volti 12.7 au zaidi kidogo: imejaa.
Volti 12.4: ina kama robo tatu.
Volti 12.2: ina nusu.
Volti 12.0: imebaki kama robo.
Volti 11.8 au chini: ni tupu.
Karibu volti 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri: kuna uwezekano mkubwa seli moja imekufa.

Hatua ya nne ni kuipa kazi inayojulikana. Washa zile taa nne za wati 5 kwa saa tano, uzime, usubiri saa chache, kisha upime tena. Kazi hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri ya ampea-saa 100. Betri nzima itasoma karibu volti 12.6. Ikiwa imeshuka hadi 12.2 au chini, maana yake ni kwamba nusu ya umeme iliyoweza kuhifadhi imekwisha kwa kazi ndogo tu. Betri ya namna hiyo imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, hata kama inaonyesha volti nzuri kila asubuhi.

Haidromita hueleza zaidi. Katika betri iliyojaa, kila seli husoma karibu 1.265. Seli zote sita zikisoma chini kwa usawa, tatizo ni njaa: betri haijajaa, na chaji ndefu ya polepole inaweza kuirudisha. Seli moja ikiwa chini ya nyingine kwa 0.050 au zaidi hata baada ya chaji kamili, seli hiyo imeharibika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya betri ya kuokolewa na ya kubadilishwa.

Betri iliyokaa na njaa kwa wiki chache huweza kupata nafuu kubwa ikichajiwa mara kadhaa hadi kujaa. Iliyokaa tupu kwa miezi mingi kwa kawaida hairudi. Dawa za unga na vimiminika vinavyouzwa kwa ahadi ya kufufua betri haviwezi kurudisha sahani zilizokwisha kumomonyoka.

Maji, wala si asidi

Betri yenye vifuniko sita hupoteza maji kidogo kila inapochajiwa. Asidi haipotei hivyo. Kwa sababu hiyo, kinachoongezwa ni maji pekee, yale yaliyosafishwa yakaondolewa chumvi na madini yote. Yanauzwa kwenye maduka ya vipuri na vituo vya mafuta. Soma maandishi ya chupa kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na watu hutumia jina "maji ya betri" kwa vyote viwili.

Maji ya mfereji, ya mtoni, ya kisima au yaliyokingwa kwenye paa la mabati hayafai. Madini na uchafu uliomo hubaki ndani ya betri na kula sahani.

Ongeza maji baada ya kuchaji, kwa kuwa kiwango hupanda betri inapojaa. Kama sahani zimeonekana wazi kabla ya kuchaji, weka maji ya kuzifunika tu, chaji, kisha umalizie. Yawe juu ya sahani kwa kama sentimita moja, yasifike mdomo wa seli. Betri zilizofungwa moja kwa moja zisilazimishwe kufunguka.

Betri zikiwa nyingi

Shule, kanisa au zahanati huweza kuwa na betri mbili, nne au zaidi zilizounganishwa kwa mfululizo ili kupata volti 24 au 48. Magari madogo ya umeme yanayobeba wachezaji kwenye viwanja vya gofu hutumia mpangilio huohuo, ambapo betri sita za volti 8, kwa mfano, hutoa volti 48. Mafundi wa magari hayo wana desturi inayofaa kuigwa: hawapimi kundi zima peke yake, wanapima kila betri na kuandika.

Sababu ni kwamba betri moja dhaifu huwashusha wenzake. Wakati wa kuchaji inadanganya kontrola kwamba kundi limejaa, na wakati wa kutumia inakwisha mapema na kuzima mtambo wote. Ukipima kundi la volti 48 ukapata 50, unaweza kuridhika, kumbe moja kati ya nne inasoma 12.1 na tatu zinasoma 12.6. Zipe betri nambari kwa rangi, pima kila mwezi, andika kwenye daftari. Ile inayoachwa nyuma mwezi baada ya mwezi ndiyo mgonjwa.

Usichanganye betri mpya na kuukuu, wala za ukubwa au aina tofauti. Mpya itaburutwa hadi hali ya kuukuu baada ya muda mfupi. Kundi lililozeeka pamoja hubadilishwa pamoja.

Usalama nyumbani

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto. Isiwekwe jikoni karibu na kuni au jiko la gesi, wala chini ya kitanda. Iwekwe mahali penye hewa, kwenye kisanduku cha mbao, juu ya sakafu kavu, mbali na watoto. Usichungulie ndani ya seli kwa mshumaa au kiberiti.

Vua pete na saa unapofungua nyaya. Spana ikigusa vichwa viwili kwa pamoja hutoa cheche kali na huweza kuunguza mkono vibaya. Vaa glavu na miwani. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, na kwa jicho nenda hospitali mara moja.

Betri iliyokufa bado ni hatari

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya asidi ni risasi, metali nzito ambayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huathirika zaidi, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kenya imeliona hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 kando ya makazi ya Owino Uhuru, Mombasa, kikafungwa mwaka 2014 baada ya wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, kulalamika kwamba watoto wao wanaugua. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliofuatwa na rufaa. Hakuna fidia inayomwondolea mtoto sumu iliyokwisha kumdhuru.

Kwa hiyo betri isivunjwe nyumbani kutafuta risasi, na risasi isiyeyushwe kwenye jiko au uani. Asidi isimwagwe shambani, kwenye mtaro wa barabara au karibu na chemchemi. Maji ya milima hii huingia Itare, Kipsonoi na mito mingine inayolisha Mto Sondu hadi Ziwa Victoria, na vijiji vingi huchota humo.

Betri kuukuu ina thamani. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya. Ipelekwe ikiwa nzima, imesimama wima, na asidi yake ikiwa ndani. Chini ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, taka hatari zinapaswa kushughulikiwa na watu wenye leseni. Muulize mnunuzi kama ana leseni ya NEMA. Anayetaka kumwaga asidi uani kwako ili apime uzito wa risasi si wa kuuziwa.

Ikibidi kununua mpya

Vipimo vikionyesha betri imekwisha, nunua iliyotengenezwa kwa kazi ya sola. Betri ya gari ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikishushwa hadi nusu kila usiku, huchoka haraka, hata kama bei yake ilivutia. Angalia alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya kutengenezwa, kwa kuwa betri iliyokaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa imeanza kupata ukoko. Pima volti mbele ya muuzaji. Iliyo chini ya 12.4 ikatae. Tunza risiti na kadi ya dhamana, na mtumie fundi wa sola mwenye leseni ya EPRA.

Ratiba fupi ya utunzaji

Kila siku: tazama taa ya kontrola. Ikionyesha betri iko chini, punguza televisheni usiku huo.
Kila wiki wakati wa mvua: hesabu ni mara ngapi betri imejaa. Ikiwa haijajaa kwa wiki mbili, itafutie chaji kwingine.
Kila mwezi: kagua maji, vichwa vya betri na usafi wa paneli.
Kila miezi mitatu: pima volti baada ya kupumzika usiku kucha, na uandike tarehe na kipimo kwenye daftari.
Kila mwaka, kabla ya mvua ya Machi: pogoa matawi yanayotupa kivuli, kaza nyaya, na upime kila seli kwa haidromita.

Daftari hilo ndilo litakalojibu swali la Oktoba: bonasi inunue betri, au ilipe karo.